Tuanze na Programu Ipi

Katika bohari ya dawa kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeitwa Mtaalamu, na jina hilo alilipata kwa kuzima kompyuta ya mapokezi na kuiwasha tena. Tangu siku hiyo printa ikigoma anaitwa, simu ikijaa picha anaitwa, hata saa ya ukutani ilipokufa aliitwa, akabadilisha betri, akapigiwa makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpokeaji mizigo, hodari wa kupanga maboksi ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, ila alipenda sifa kuliko alivyopenda chakula.

Ofisi kuu ikaamua kuanzisha kitengo cha kompyuta palepale boharini, cha kutengeneza programu za kufuatilia dawa. Mhandisi aliyeletwa kukiongoza, mwanamke mchangamfu anayetembea kama anakimbizwa, alisema nafasi moja ataitoa kwa mtu wa ndani asiye na cheti, mradi awe na kichwa cha kujifunza. Waliojitokeza walikuwa wawili. Wa kwanza Mtaalamu, nani mwingine? Wa pili shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifungasha dawa kwenye meza ndefu ya nyuma, amesimama kutwa, miguu ikimvimba hadi viatu vinagoma kuvulika. Daktari alikwisha kumwambia atafute kazi ya kukaa. Alimwambia kirahisi tu, kama vile kazi za kukaa zinauzwa dukani.

Mhandisi aliwapa kila mmoja kitabu kinene cha sayansi ya kompyuta, nakala ya zamani iliyoshonwa upya mgongoni.

"Someni sura ya kwanza, mfanye mazoezi yake," aliwaambia. "Mwisho wa mwezi mje mnionyeshe. Kitabu kinatumia lugha yake ya kompyuta, ina mabano mengi, msiiogope. Mkitaka lugha nyingine, ruksa. Na programu ya kuandikia maagizo hayo ya kompyuta chagueni wenyewe."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomponza Mtaalamu.

Mtaalamu na kaka yake waliishi ua mmoja, mlango kwa mlango. Jioni hiyohiyo shemeji aliingia sebuleni kwa Mtaalamu na kitabu kwapani, akamwamkia mama mkwe aliyekuwa amekaa anakunja nguo, kisha akakaa ukingoni mwa kochi.

"Shemeji, mimi kwenye mambo haya ni kipofu, fimbo yangu ni wewe. Niweke programu gani nianze?"

Mtaalamu angeweza kusema sijui. Ni neno jepesi, watoto wanalisema kutwa. Lakini mama yake alikuwa anasikiliza, na kwa mtu aliyeitwa hadi kwenye saa ya ukutani, neno hilo lilikuwa zito kulibeba. Lugha hiyo ya mabano alikuwa hajawahi hata kuisikia.

"Hilo swali lako ni kubwa," alisema, akijiegemeza nyuma. "Usianze kwanza. Ukianza na programu mbovu utajifunza vibaya, na kufuta kichwani ni kazi kuliko kujifunza. Niachie nichunguze. Nikipata iliyo sawa nitakuwekea na wewe."

"Haya. Nakungoja wewe, basi."

Akaondoka ameridhika. Mumewe naye alikuwa ameshamwambia kwamba kwa mambo hayo amfuate mdogo wake, asijitie ujuaji.

Mtaalamu akaanza kuchagua. Ya kwanza kuiweka ilikuwa ileile iliyotajwa kwenye utangulizi wa kitabu. Ilifungua dirisha jeusi lenye alama moja inayowaka na kuzima, haina kitufe, haina salamu, inangoja tu aandike. Hakuipenda. Akaingia kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu wasiojuana hutukanana kwa ajili ya lugha za kompyuta, akakuta mmoja anasema programu hiyo imepitwa na wakati, ipo nyingine yenye vitufe na rangi, imetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Akaiweka hiyo. Ikampendeza mpaka aliposoma kwamba inasumbua kwenye mazoezi ya kuchora ya sura ya tatu. Mtaalamu, ambaye sura ya kwanza hajaifungua, akaifuta kwa ajili ya sura ya tatu.

Akahamia kwenye lugha maarufu, ile ya maofisini. Jukwaani wakamwambia kukisoma kitabu hiki kwa lugha hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Akarudi kwenye mabano. Akapata programu nyingine, akaibadilisha herufi, akaipa rangi ya bluu iliyoiva, akaipanga hadi kila jozi ya mabano ikawa inang'aa kwa rangi yake. Ilikuwa nzuri ya kutazama. Ndani yake hamkuwa na mstari hata mmoja.

Ungemuuliza, angekuapia kwamba anafanya kazi. Macho yalimuuma na shingo ilimkaza. Huo ndio ubaya wa kuchagua, unachosha sawasawa na kazi yenyewe.

"Mwanangu," mama yake alimwambia siku moja, akimchungulia begani, "mchagua jembe si mkulima."

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Kweli. Lakini wewe haraka huna, na baraka siioni."

Alicheka ili mama acheke, na mama hakucheka.

Kule boharini shemeji hakuwa na maneno mengi. Alimsimamisha karibu na meza ya kufungashia, roli la utepe wa gundi mkononi.

"Vipi, tumepata?"

"Bado kidogo tu. Nimebakiza mbili, nazilinganisha."

"Mimi naona siku zinakwenda. Nisianze hata na hiyo ya kwenye utangulizi?"

"Ile ya zamani? Unataka Mhandisi akucheke, shemeji?"

Hakutaka kuchekwa. Nani anataka? Akavuta gundi, akafunga boksi, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mtaalamu aliiona hiyo miguu, na hapo aibu ilimgusa kwa mara ya kwanza. Alijua, wakati ule ule, kwamba amemzuia mtu kuanza kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa kuanza. Akajiambia kesho atamwekea yoyote ile, na akaenda kupokea mzigo.

Kesho ikawa na jambo lake, na nyingine ikawa na lake. Akaanza kumkwepa. Chai akawa anainywea mlango wa nyuma, pale malori yanapopakua, akijitia anakagua mihuri ya maboksi. Jioni moja alipopita uani alimwona dirishani, kitabu kiko mapajani, anasoma kwa kufuatisha kidole chini ya mistari, hana kompyuta mbele yake, anatikisa kichwa pale asipoelewa. Mtaalamu alinyata mpaka mlangoni kwake mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake.

Siku ya kumwona Mhandisi walikwenda pamoja.

"Sasa mimi nitasema nini?" shemeji aliuliza kwenye ngazi.

"Sema ulikuwa unajipanga. Ataelewa."

Alipoyasikia maneno hayo yakimtoka mwenyewe, alitamani ngazi ziwe nyingi zaidi.

Mhandisi aliwapokea wote wawili kwa mpigo, kwa sababu alikuwa anaitwa kwenye kikao na simu yake ilikuwa ikitetemeka mezani. Akamgeukia Mtaalamu kwanza.

"Haraka haraka, ndugu yangu. Ulitumia nini, na kwa nini?"

Ulimi wa Mtaalamu ukafunguka. Swali lenyewe ndilo hilo alilolisomea mwezi mzima! Alieleza kuhusu dirisha jeusi, kuhusu ile ya wanafunzi na kasoro zake za kuchora, kuhusu lugha ya maofisini na kwa nini haikifai kitabu hiki, akafungua kompyuta yake ndogo na kuonyesha mabano yanavyong'aa. Mhandisi aliitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Wengi hawajiulizi kabisa maswali haya," alisema. "Na mazoezi?"

Palikuwa na nafasi ya kusema kweli hapo. Si kubwa, lakini ilitosha mtu kupita.

"Sura ya kwanza haina neno," alisema Mtaalamu.

Simu ikatetemeka tena. Mhandisi akaizima, akamgeukia shemeji. "Na wewe, dada? Umetumia nini?"

"Bado sijaanza."

"Hujaanza? Kwa nini?"

Shemeji hakumtazama Mtaalamu. Aliitazama meza. "Nilikuwa nangoja programu iliyo sahihi."

"Ah, dada yangu." Mhandisi alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Ungeshika yoyote. Mwenzako hapa amejaribu zote. Ungemuuliza hata yeye."

"Kweli," alisema shemeji. "Ningemuuliza."

Mtaalamu aliikazia macho kompyuta yake. Masikio yalimwaka moto. Neno moja tu lingetosha, lakini akaifunga kompyuta akainuka. Kabla hawajafika chini ya ngazi, Mhandisi alikuwa ameshampa Mtaalamu nafasi.

Nyumbani walifurahi kama wanavyofurahi watu kwa ndugu yao. Kaka mkubwa alimkumbatia, akampiga mgongoni, kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa anakusanya vikombe.

"Umemwona mwenzio? Alikazana. Wewe kitabu ulikuwa nacho, mwalimu unaye ua huu huu. Ulikuwa wapi?"

"Ni kweli," alisema shemeji. "Nilizembea."

Aliyasema bila kununa, na vikombe akavipeleka nje. Mtaalamu alikuwa na kinywa kilichojaa chai. Aliimeza, akakubali kuongezewa nyingine. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, mpaka ikabidi aulize kama kuna habari kwenye redio.

Kuanzia hapo kila pongezi ilimchoma. Alipewa kiti cha ofisi chenye magurudumu, akakikalia kwa upande kama mgeni. Kila alipopita meza ya nyuma kwenda chooni, wafungashaji walimwita Mkuu, na shemeji alicheka pamoja nao, cheko la kawaida kabisa. Laiti angemnunia. Mtu anayekununia unaweza kujifanya naye ana makosa yake.

Jumapili moja mchana mtoto wa kaka alikuja kumwambia anaitwa. Shemeji alikuwa amekaa karibu na dirisha, miguu ameiweka juu ya kigoda, na kompyuta ya zamani ya mumewe iko mbele yake juu ya meza. Kwenye kioo palikuwa na dirisha jeusi, alama moja inawaka na kuzima.

"Usinicheke," alisema. "Nimeweka ile ya kwenye utangulizi. Labda watatoa nafasi nyingine, labda hawatatoa, lakini nimechoka kungoja. Njoo unisaidie, wewe umeshapita hapa."

"Wapi?"

"Hapa, zoezi la kwanza kabisa. Unapewa namba tatu, uandike maagizo ya kuitafuta ya kati. Nimeandika, zikiwa tofauti inajibu vizuri. Lakini mbili zikilingana naona giza. Ya kati inakuwa ipi? Wewe ulifanyaje?"

Mtaalamu aliinama juu ya kitabu. Zoezi lilikuwa fupi, na alikuwa analisoma kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akalisoma tena. Akaitazama mistari ya shemeji, michache, yenye mabano yasiyo na rangi yoyote, akaona kwamba hajui hata inasomwa kuanzia upande gani. Safari hii hapakuwa na chai ya kumezea aibu.

"Sijui," alisema.

"Umesahau?"

"Sikulifanya. Hilo, wala linalofuata. Sijafanya zoezi hata moja, shemeji."

Chumba cha ndani redio ya kaka yake ilikuwa ikitangaza mpira. Shemeji aliondoa vidole kwenye kompyuta, akavilaza mapajani.

"Kwa hiyo siku ile tuliingia sote mikono mitupu."

"Ndiyo."

"Mimi nikasema."

"Ulisema." Mtaalamu aliinuka kutoka kwenye kitabu. "Kesho nitakwenda kwa Mhandisi. Nitamweleza kila kitu, kwamba ni mimi niliyekuzuia."

"Utakwenda?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alimwinulia uso na kuuliza kama mtu anayetaka kujua, ili apange mambo yake. Mtaalamu alifungua mdomo aseme ndiyo. Akakiona kile kiti chenye magurudumu, akamwona kaka yake, akawaona wafungashaji wanaomwita Mkuu, na ndiyo haikutoka.

Shemeji alirudisha vidole kwenye kompyuta. Kisha akamwomba asogee, alikuwa anamzibia mwanga.