Pumzi za Zuwena

"Ukichoka, simama," alisema Daktari Valerian. "Ila usijikaze kwa ajili yangu. Nautaka ukweli."

Zuwena alivua kandambili, akazisogeza ukutani kwa mguu. Korido ya hospitali ilianzia mlango wa maabara, ikaishia dirisha lililotazama reli. Kwenye benchi la wagonjwa alikaa dada yake, Mwaisha, mkoba mapajani. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Kahama, na hakutaka kurudi peke yake.

Ugonjwa ulikuwa umeanzia vidoleni. Asubuhi za kipupwe viligeuka vyeupe, vikafa ganzi. Kisha ngozi ya mikono ikakaza, ikafuata ya uso, hadi mdomo ukashindwa kufunguka vya kutosha kuuma hindi la kuchoma. Zuwena alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mama Dolatkhanu, pale Kambarage. Alijifunza kusukuma kitambaa kwa kiganja na kushika mkasi kwa mikono miwili. Mishono yake haikupinda, wateja hawakumkimbia. Lakini tangu Ramadhani, hata kupiga pedeli kulimkata pumzi.

"Ukiwa umekaa, kifua chako hakiniambii kitu," daktari alikuwa amemweleza. "Mwili ukifanya kazi ndipo moyo na mapafu vinaposema. Nitaona ugonjwa umeingia ndani kiasi gani."

"Na utajua kama nakufa?"

"Nitakisia kama ni karibu."

Mwaisha alikuwa amekataa katakata. "Mambo ya Mungu unayachokonoa ya nini, Zuwena? Twende zetu Kahama. Mwanao Kijakazi nitamlea mimi."

"Ndiyo maana nataka kujua, dada. Kama sina muda, mchukue mwanangu sasa, akuzoee ningali hai. Kama ninao, nitamlea mwenyewe."

Sasa Zuwena akaanza kutembea kuelekea dirishani. Mara ya kwanza kwenda na kurudi ilikuwa rahisi, karibu acheke. Daktari alitembea nyuma yake kidogo, saa mkononi. Kisha kifua kikaanza kubana, kama kanga iliyofungwa na mtu mwenye hasira. Masikio yakavuma. Alipofika dirishani aliegemea ukuta, mdomo wazi kadiri ulivyoweza.

"Basi, inatosha!" Mwaisha alisimama. "Daktari, mwache!"

Zuwena alinyoosha mkono kumzuia. Alivuta pumzi, akavuta nyingine, akajitoa ukutani. Alitembea polepole zaidi, lakini alitembea. Alikuwa akiuona mlango wa maabara tu, na hakutazama kingine mpaka daktari aliposema, "Hapo."

Daktari alimkalisha. Hakutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, ngozi ilikuwa ngumu mno. Aliweka vidole shingoni. Alingoja. Akatega sikio mgongoni, akangoja tena.

"Mapafu yameguswa," alisema. "Sitakuficha. Lakini moyo wako umetulia upesi kuliko nilivyotegemea. Niliowaona wakiondoka haraka hawakufika dirishani."

"Ni miezi au miaka?"

"Miaka, nadhani. Mingapi, sijui. Na pumzi itaendelea kupungua."

Mwaisha alijifunika uso kwa mtandio. Zuwena hakulia. Alikuwa akitafuta kandambili zake kwa miguu.

"Nina sare za shule za kushona kabla ya Januari," alisema. "Dada, Kijakazi atakuja kwako likizo. Kila likizo. Akuzoee taratibu."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Kesho yake Zuwena na Kijakazi walimsindikiza Mwaisha stendi. Alimkumbatia mdogo wake kwa muda mrefu, akapanda bila kugeuka, kisha akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Kijakazi, umsaidie mama yako kuchota maji! Ya baridi asiyaguse!"

"Ndiyo, mama mkubwa!"

Basi likaondoka na vumbi lake. Njia ya kurudi ilipanda kidogo kupita maghala ya pamba, na katikati Zuwena alisimama, mkono kiunoni. Mtoto naye akasimama.

"Tangulia," alimwambia. "Nakuja."

Kijakazi alisitasita, kisha akakimbia. Nyuzi za pamba zilizodondoka kutoka kwenye malori zilikuwa zimenasa miibani kando ya njia, na upepo wa asubuhi ulikuwa ukizivuta, zikirefuka bila kukatika.