Vikeki vya Jumanne

Wendell Tilghman alikuwa ametunza mafaili ya siri ya serikali kwa miaka ishirini na sita bila kupoteza hata karatasi moja. Miwani, hiyo alikuwa akiipoteza, mpaka mkewe Lorna akamfungia kamba ya kuivaa shingoni.

Kila baada ya miaka kadhaa watu wa kazi yake hupimwa kwa mashine ya kugundua uongo, ndipo kibali chao cha kushika siri kiendelee. Wendell alikwisha kupita mara nne. Safari hii, miezi kumi na minne kabla ya kustaafu, akakaa tena kwenye kile kiti, mkanda kifuani na waya vidoleni.

Mpimaji alikuwa mama mpole, aliyemletea maji kabla hajaomba.

"Kuna raia wa nchi nyingine unayekutana naye kwa siri?"

"Hapana."

Mistari ikaruka kwenye kioo kama panzi. Akarudia swali mara tatu, na mara zote tatu ikaruka.

"Bwana Tilghman, moyoni mwako kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu, mama." Ikaruka tena.

Kitu kilikuwepo. Kila Jumanne, siku ya gari la taka, Wendell alimtolea pipa jirani yake Bi Graça, mjane wa Kireno aliyeishi mtaani pale miaka thelathini bila kubadili pasipoti. Naye Bi Graça alimshukuru kwa vikeki viwili vya maziwa na mayai, vya moto, vyenye mdalasini juu. Tangu daktari amwambie Wendell ana kisukari, Lorna alikuwa amepiga marufuku hata asali. Kwa hiyo Wendell alivila wima nyuma ya banda la gari, kisha akafuta mdomo kwa jani. Aliposikia "kwa siri," hakufikiria Ureno hata kidogo. Alimfikiria Lorna.

Beji yake ikachukuliwa, akapewa meza mapokezini, nje ya milango ya kufuli. Siku moja alipotaka kuchukua kikombe chake ndani, ilibidi asindikizwe, na taa nyekundu ikawashwa ili wenzake wajue ameingia mtu asiye na kibali.

"Jasusi huyo! Funikeni mafaili!" akapiga kelele Odessa, mwenzake wa meza ya pili. Jioni, Odessa huyohuyo akamletea nje mto wa kukalia ambao Wendell aliuacha ndani. "Kiti cha huku kigumu, kaka. Utaumwa mgongo bure."

Mkuu wa usalama akamwita. "Mashine peke yake haikunyang'anyi kibali, Wendell. Tunamtazama mtu kwa ujumla wake, miaka yote ishirini na sita. Lakini imeuliza, nasi lazima tupate jibu. Ukinyamaza, kibali kitapotea, na kazi itakwenda nacho. Una siku kumi za kuandika maelezo. Kisha afisa atakuja kuwauliza jirani zako, na mkeo."

Siku nane Wendell alizunguka na maneno ya kuungama kinywani. Ya tisa, Lorna akiwa anamenya viazi, akayatema yote: pipa, Bi Graça, vikeki, jani.

Lorna hakuinua kichwa. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe mwanamume. Mashati yako anafua nani? Mdalasini kwenye kola kila Jumanne, ulidhani nafikiri ni vumbi la mafaili?"

"Ulijua?"

"Mwaka mzima. Nilimfuata Graça, nikampelekea ile sukari ya wagonjwa. Tangu hapo unakula vikeki vya hospitali, unaramba vidole. Nikaona mzee ana raha yake, mwache."

Wendell akavuta kiti, akakaa. "Kumbe wewe ndiye unakutana na raia wa kigeni kwa siri."

"Niandike basi! Na herufi za jina langu usizikosee."

Akaandika kurasa mbili. Penye sababu ya kuficha, akaweka neno moja: mke. Afisa akaja, akakaa kwa Bi Graça saa nzima, akaondoka na vikeki sita kwenye kitambaa.

Wiki ya tatu Wendell akarudishwa kwenye mashine. Swali la raia wa kigeni likaulizwa mara tatu, na mistari ikalala kama paka juani.

"Imetosha," akasema mpimaji. "Beji yako iko mezani kwa mkuu." Kisha, kabla ya kumfungua waya, akaegemea kiti. "Hili siandiki. Mama Lorna yuko pale mapokezini anakungoja, na lazima atauliza. Sasa umejua vile vikeki havina sukari, bado unavipenda vilevile?"

"Ndiyo, kabisa," akasema Wendell.

Mistari ikaruka mpaka juu ya kioo. Yule mama akainama taratibu, akachomoa waya ukutani.