Waliomjua Shangazi

Mkaguzi wa kazi alisimama katikati ya chumba cha pasi, akavaa miwani, akasoma karatasi yake. "Nataka kuiona hii inayoitwa Shangazi."

Mama Wawili alikuwa anakunja shuka la hospitali. Akaanza kulikunja upya. Alipopiga simu ofisi ya kazi wiki mbili nyuma aliahidiwa kuwa jina lake halitatajwa, na kweli halikutajwa. Lakini ni yeye mwenyewe aliyesema Shangazi badala ya mashine namba tatu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyomtaja jirani yake.

Jina hilo lilitumiwa na watu wanne tu. Ni wao, wanawake wanne wageni wa nchi moja, walioipa jina hilo mashine ile ya kupigia pasi kwa sababu ilifoka mvuke kutwa nzima na hakuna aliyejua imekasirishwa na nini. Wenyeji wa kiwanda hicho cha kufulia waliiita namba tatu.

Msimamizi alicheka kidogo. Wafanyakazi walimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kupandisha sauti. "Hapa hatuna shangazi, mheshimiwa. Tuna mashine."

Namba tatu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, imefunikwa mashuka safi kama mgonjwa. Chuma cha kinga, kile kinachotakiwa kuisimamisha rola mkono ukikaribia, kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa miezi mitatu ili kazi isikwame. Siku hiyo kitambaa hakikuwepo. Mkaguzi akaandika, akaaga.

Bwana Taratibu hakumsindikiza. Alibaki akiwatazama wale wanne, mmoja mmoja, bila haraka.

Kesho yake kitambaa kilirudi. Siku ya tatu Somo, mkubwa wao kwa umri, aliitwa ofisini alete kibali chake cha kazi kinakiliwe. Akarudi bila kibali. Siku ya nne akaitwa Mpole, akarudi anaangalia sakafu.

"Amekuuliza nini?" Mama Wawili alimnong'oneza.

"Habari za watoto."

"Nusu saa nzima, habari za watoto?"

"Mbona unataka kujua sana?"

Basi wanawake waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kula kila mtu na kona yake. Macho yote yalikuwa kwa Bibi Harusi, aliyeitwa hivyo kwa sababu alianza kazi wiki moja baada ya ndoa. Yeye ndiye aliyeunguzwa mkono na Shangazi. Nani mwingine angelalamika kama si mwenye kidonda? Mama Wawili aliyaona hayo akanyamaza. Kibali chake kilibakiza siku arobaini; bila saini ya kiwanda hakihuishwi, na wanawe wawili walikuwa wakisoma hapo mjini. Lakini kila alipoomba dua, ulimi ulikwama alipofika kwenye jina la Bibi Harusi.

Siku ya sita akaitwa yeye.

"Kaa, mama. Taratibu." Bwana Taratibu alimsogezea kiti. "Najua si wewe. Wewe mtu wa sala. Andika tu kwamba ulimsikia Bibi Harusi akipiga simu. Mistari miwili. Kibali chako nakisaini leo."

"Sikumsikia."

"Nani anakumbuka kila kitu?" Akavuta droo kutafuta kalamu.

Mama Wawili hakusoma sana, lakini majina alijua kuyasoma, lake na ya wenzake. Ndani ya droo mlikuwa na barua nne, zimeshapigwa mhuri, kila moja na jina la mmoja wao. Neno la juu alilisoma kwa shida: kusitishwa. Tarehe tu ndiyo haikujazwa.

Kumbe hakuwa akimtafuta mmoja. Alitafuta wa kumsaidia kuanza na mmoja, kisha awafukuze wote.

"Naomba nikachukue miwani," alisema. Mungu amsamehe, hakuwahi kuwa na miwani maishani mwake.

Alirudi chumbani moja kwa moja, akaizima namba tatu. Wote wakageuka.

"Barua zetu za kufukuzwa ziko kwenye droo yake. Zote nne."

"Nani kakwambia?" Somo alimtupia jicho la pembeni.

"Nimeziona. Na aliyepiga simu ni mimi."

Bibi Harusi alimtazama sana. "Siku sita unaniacha natazamwa kama mwizi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijakusamehe." Akafungua aproni kwa mkono wake mzima. "Twende kwa mkaguzi kabla hajajaza tarehe."

"Na kama Mama Wawili ametumwa atutoe, tuonekane tumetoroka kazini?" Mpole aliuliza. Kisha akameza mate. "Mimi nilishaandika ile mistari miwili. Aliniambia nimtaje Mama Wawili."

Somo akaguna, akamgeukia Mpole. "Mimi nilikutaja wewe."

Hakuna aliyecheka, ingawa Bibi Harusi nusura acheke. Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakashika barabara ya ofisi ya kazi. Hakuna aliyekubali kutangulia wala kubaki nyuma. Kila mmoja alitaka kuwaona wenzake. Ikabidi watembee sambamba, wanne, wameijaza njia, na wenye baiskeli wakiwapigia kengele wapishe.