Guta la Tofu

Siku ya tatu hiyo mume wangu Kisaburo alikuwa hali chakula, na kwa mtu anayegombania hata kipande cha mwisho cha figili, hilo si jambo dogo. Makumbusho ya magari na ndege za kale yalikuwa yametuandikia barua: lile guta la magurudumu matatu tulilowapa, tulilosambazia tofu, ile jibini ya soya, miaka thelathini, haliwaki. Ijumaa litakatwa katikati, watoto wa shule waone utumbo wake.

"Hawalijui," alinung'unika. "Linanisikia mimi tu."

Linakusikia wapi! Asubuhi ile, nikiweka wali wa sadaka kwenye kabati la kuwaombea marehemu wetu, nilikuta nyuma ya kibao chenye jina la baba mkwe kidude kimefungwa kwenye leso. Rota ya distributa, kile kipande kinachogawa umeme ili injini iwake. Siku ya kulikabidhi guta, Kisaburo, mzee mzima, aliichomoa, akaweka nyingine yenye ufa, ili asiliendeshe mwingine, kisha akamlindisha marehemu mali ya wizi. Sasa anaona aibu kusema. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikamwonea huruma.

Sikumwambia kitu. Nikatia rota mfukoni, nikamburuta hadi makumbusho, eti tukaliage guta. Kule nikamtuma akamwulize mwelezaji, Bwana Inukai, habari za propela ya ndege. Inukai akiulizwa huanzia kabla ya vita, na Kisaburo hawezi kukaa bila kubisha. Walipoanza kupaza sauti, niliruka kamba, mimi na magoti yangu haya, nikainua kiti, nikabadilisha rota.

Kisha nikamwomba mkurugenzi, Bwana Moriwaki, apige kiki moja tu, ya kumtuliza mzee. Akapiga. Guta likakohoa, likatapika moshi hadi kwenye mbawa za ndege, likanguruma. Kisaburo alikuja mbio akilia waziwazi. Moriwaki akasema halikatwi tena, litolewe uani watu walione. Lakini lina usukani kama wa pikipiki, na Moriwaki haujui, na macho ya Kisaburo siku hizi hayaoni hata mlango.

"Sogea, Baba Natsue," nikamwambia mume wangu.

Akasogea, kinywa wazi. Nikatia gia, nikapita katikati ya magari ya kale bila kugusa hata moja.

"Umejifunza lini?" akauliza.

"Kwani asubuhi zile ulizokuwa umelala na pombe ya sake kichwani, ulidhani tofu inajipeleka yenyewe kwa wateja?"