Kidole cha Mguu Kwenye Mizani

Kwanza isemwe, kwa heshima zote, kwamba Lionel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtani mkuu wa shule ya bweni, cheo ambacho hakuna aliyempa. Ndiye aliyemvika mbuzi wa padri mkuu tai ya mwalimu wa hesabu.

Vita vilikuwa vimefunga barabara za mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, watu na mizigo wakawa wanatoka kwa ndege tu. Ndipo kampuni moja ndogo ya ndege za mizigo ikatangaza kwamba itamchukua kijana mmoja, imsomeshe urubani bure. Kapiteni Isidore aliapa mbele ya shule nzima: hataangalia kabila, wala jina la baba, wala mfuko. Ataangalia kichwa. Fiacre, aliyekimbia vita vya kwao Djugu na shati moja, akawa wa kwanza katika mtihani. Lionel, aliyeufanya ili akwepe kufyeka majani, akawa wa pili, na hakuna aliyestaajabu kuliko yeye.

Asubuhi ya safari, uwanjani, kilibaki kipimo kimoja. Ndege ilikuwa ndogo, hivyo abiria walipanda mizani ileile ya magunia.

“Nimebakiza kilo sitini,” alisema Kapiteni. “Anayezidi anabaki, anayefuata anaingia. Hiyo ndiyo haki.”

Fiacre akapanda. Tangu akimbie alikuwa akila mara moja kwa siku. Mbavu zake zilionekana hata kupitia shati. Lionel, nyuma yake, alishindwa kujizuia. Alinyoosha mguu, akakandamiza ukingo wa mizani kwa kidole gumba cha mguu, ujanja wa wauza maharage sokoni.

“Sitini na sita!” akasoma Kapiteni.

Watu wakaangua kicheko. “Eh, weye Fiacre, unakulaka mawe?” akauliza Gauthier, mwenzao wa darasa.

Lionel alicheka hadi machozi. Alingoja Fiacre abishe, ili aondoe mguu na mzaha uishe vizuri. Fiacre hakubisha. Alishuka.

Risasi zikalia nyuma ya kilima. “Anayefuata! Haraka!” Lionel akapanda, mizani ikamkubali. Akashuka, akaanza kuelekea kwenye ndege.

Fiacre akamshika mkono. “Mukipita juu ya Djugu, uniangalilie kama nyumba yetu iko bado.”

Mlangoni mwa ndege, Lionel akageuka. “Kapiteni, ni mimi nilikanyaga mizani. Fiacre haiko muzito.”

“Kwa nini hukusema palepale?”

“Ilikuwa mchezo.”

Kapiteni akaonyesha chini. “Shuka.”

Lionel alikimbia kumwita Fiacre, lakini askari walikwisha kuwafukuza watu wote uwanjani. Nyuma yake ndege ikaruka, na kiti kimoja kitupu.

Alimkuta katika mtaa wa Rwambuzi, uani kwa shangazi yake Scholastique, akimenya muhogo. Akamweleza yote: mguu, mizani, kiti. Sababu tu, kwamba ulikuwa mzaha, ndiyo hakuitaja.

“Nilijua,” Fiacre alisema polepole. “Nilisikia kidole chako kwenye kisigino.”

“Na ukanyamaza?”

“Nilifikiri unataka kwenda zaidi kunipita mimi. Nikasema moyoni, kama rafiki yangu anaweza kufanya vile, basi anataka sana. Njo maana nikakuachia.” Akaweka kisu chini. “Ulitaka kwenda, sivyo?”

Lionel, aliyekuwa na jibu kwa kila mwalimu, akaokota kisu, akaanza kumenya. “Ndiyo” ingekuwa uongo. “Hapana” ingekuwa mbaya zaidi: kiti kilipotea kwa mzaha tu.

“Sema basi,” Fiacre alisema.