Geuza Jani

Usiku wa jana, nikiwa nimepitiwa na usingizi simu iko kifuani, niliota niko kwenye usaili wa uhadhiri, na wasaili wote watatu ni majarida ya kitaaluma.

Wameketi wima, wana vumbi mabegani. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, nachunguza nzi weupe wanaoeneza magonjwa ya mihogo. Naitaka sana kazi hii. Ndiyo maana msimamizi wangu, Profesa Mbwilo, alinisihi nifute akaunti yangu ya mtandaoni kabla ya usaili. "Binti yangu, msomi hauzi sura," alisema.

Jarida la katikati linakohoa. "Tumeona video yako. Unawaambia wakulima wageuze jani, watazame nzi weupe waliojificha upande wa chini."

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Wangapi wameitazama?"

"Kumi na mmoja. Shangazi yangu yumo."

"Mimi nimesomwa na wawili," linasema. "Mmoja ndiye aliyeniandika."

Sijui nicheke au nitoe pole. Natoa pole.

Mara ofisi imekuwa shamba la mihogo, meza iko palepale. Jani moja la muhogo linanyoosha kidole kimojawapo kwa adabu.

"Mimi niligeuzwa juzi na mama mmoja wa Muheza," linasema. "Alikuwa ameiona hiyo video. Tangu nichipue, hakuna aliyewahi kuniuliza hali ya mgongoni."

Wasaili wananong'onezana.

"Basi na sisi tugeuzwe," linaamua la katikati.

Nalifungua. Kurasa zimegandana, nazibandua polepole, na nzi weupe wanaruka kutoka humo kama unga unaopepetwa. Jarida linavuta pumzi ndefu.

"Soma kwa sauti, mwanangu. Hili jani nalo lisikie."

Nasoma, na shamba zima linatulia. Kwa furaha nafungua ukurasa unaofuata.

"Kwa hiyo kazi nimepata?"

"Hilo utawauliza watu wa usaili wa asubuhi. Sisi tunauliza kama ukiipata utarudi huku."

"Nitarudi," nasema, na nasema kweli.

Niliamka jua limeshaingia chumbani, hosteli, ghorofa ya nne, ambako hata mchicha hauoti. Simu ilikuwa wazi kwenye ukurasa wa akaunti yangu. Juu ya neno "Futa" alikuwa ametua nzi mweupe mmoja, mdogo kama ncha ya pini, wala hakuwa na haraka.

Sikumfukuza. Nilivaa, nikaibeba simu kama sahani iliyojaa mchuzi, nikaenda kwenye usaili.