Nyumba ya Pili

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na kazi hiyo ilimfunza kuwasoma watu. Kwa mteja kigeugeu, hakuanza na kitambaa kizuri. Alimtandazia cha kuchusha, mteja akakunja uso, ndipo akamtolea kile alichotaka kukiuza tangu mwanzo. Mteja aliondoka akijisifu kwamba ana jicho la kuchagua.

Siku moja mumewe alimpeleka kuona nyumba mbili za kupanga. Ya kwanza kuta zilikuwa zimeota ukungu. Ya pili ilikuwa na dirisha pana, na mwanga wake ukamwingia moyoni.

"Hii," akasema.

"Haya, wewe ndiye umechagua," mumewe akadakia, upesi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake, katikati ya mshono, mguu wa Mama Pacha ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Alikumbuka siku waliyonunua kitanda: duka la kwanza lilikuwa na makorokoro matupu. Hata shule ya pacha wao ilikuwa hivyohivyo. Kila mara alichagua yeye, na kila mara aliyeridhika zaidi alikuwa Baba Pacha.

Akafunga kazi, akaenda kwa dalali wa nyumba zile mbili.

"Ile mbovu?" dalali akacheka. "Mzee mwenyewe aliniomba, shemeji, ili upate pa kulinganishia. Hii nzuri alishaikubali zamani."

Jioni alingoja mumewe amalize kula.

"Baba Pacha, ile nyumba uliiona lini?"

Mume akanawa mikono taratibu. "Ningekwambia nimeipenda, ungeikataa."

"Hujajaribu."

"Nilijaribu kwenye mapazia. Ukaninunia wiki nzima." Akajifuta. "Halafu ujanja wenyewe nimeuona kwako, nikikaa pale unaposhonea."

"Wale ni wateja," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Kilichomkera zaidi ni kwamba nyumba aliipenda kweli, ila hakujua tena kama penzi hilo lilikuwa lake au alipandikiziwa. Akatafuta nyumba nyingine mwenyewe, akaipata, nzuri tu. Haikumwingia moyoni.

Wakahamia ile ya pili. Siku ya kuhama Baba Pacha alisimama ukumbini, cherehani mikononi, jasho likimtiririka.

"Niiweke chumba cha mbele au cha nyuma?"

Mkewe akamkazia macho, akitafuta miguu yake imeelekea chumba kipi.

"Iache hapohapo kwanza," akasema.